Uliza Fundi: Kabla Hujaziba Tobo, Muulize Aliyelitoboa

Barua za mwezi huu karibu zote ni za nyumba. Sishangai. Minada ya korosho ikishaanza, sisi watu wa kusini tunabaki na mazungumzo mawili tu: kilo imefika shilingi ngapi, na hela iwekwe wapi kabla haijayeyuka. Wengine wananunua pikipiki, wengine wanaoa, wenye subira wananunua nyumba. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu kwa sababu imenitonesha kidonda.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, nimehamia Mtwara mjini kutoka Masasi. Tunanunua nyumba ya vyumba vitatu Magomeni, mimi na mume wangu. Muuzaji ni mzee mstaafu anayehamia Dar es Salaam kwa mwanawe. Bei tumepatana, nusu tumelipa, nusu tunamalizia mwisho wa mwezi akitukabidhi funguo. Mume wangu anasema nyumba imekaguliwa na fundi, hakuna la kuuliza tena, tusimsumbue mzee wa watu. Mimi moyo hautulii. Naona yapo mambo anayoyajua yule mzee ambayo fundi hawezi kuyaona kwa macho. Ila naona haya kumhoji mtu aliye sawa na baba yangu kama vile namchukulia maelezo polisi. Niulize nini, na niulizeje? — *Mwalimu, Magomeni*

JIBU: Marahaba mwalimu. Mwambie mume wako, kwa heshima zote, kuwa fundi huyu aliwahi kusema maneno kama yake na akayalipia.

Mwaka 2006 nilinunua nyumba Chikongola kwa bwana mmoja aliyekuwa anarudi kwao Kilwa. Niliikagua kwa mikono yangu. Niligonga plasta yote kwa kifundo cha kidole kusikiliza palipo na uwazi, nikapanda darini nikahesabu kenchi, nikachokonoa papi kwa bisibisi kutafuta mchwa. Yule bwana alikuwa akinifuata nyuma. Mara mbili alifungua mdomo kama mtu mwenye la kusema, na mara mbili nikamkatiza: "Usijali ndugu yangu, hii ndiyo kazi yangu." Nikalipa, akaenda zake.

Wiki ya kwanza nikaona tobo chini ya ukuta wa uani, upande wa jikoni, la kutosha kupita paka. Nikamlaani kimoyomoyo. Mtu mzima anaacha tobo namna hii panya waingie watakavyo! Nikaliziba. Nusu tofali, mota nzito, plasta juu yake, ungeapa hapakuwahi kuwa na kitu. Basi mwezi wa kwanza ukafika, mvua ikanyesha usiku kucha, na alfajiri mke wangu akashusha miguu kutoka kitandani ikatua majini. Kumbe maji ya mtaa wa juu wote yalikuwa yanaingia uani kwangu kwa chini ya geti na kutokea kwenye lile tobo, miaka nenda miaka rudi. Nilibomoa ukuta wangu mwenyewe kwa nyundo, gizani, nimevaa bukta, majirani wananimulika tochi na kunipa ushauri.

Miezi kadhaa baadaye nikakutana na yule bwana stendi. Nilipomsimulia alicheka mpaka akashika nguzo. "Nilitaka kukwambia," akasema, "lakini ulisema ni kazi yako."

Kwa hiyo mwalimu, swali la kwanza kwa mzee wako lisiwe "nyumba ina kasoro gani?" Hilo kila muuzaji analijibu kwa neno moja: haina. Tembea naye polepole, na kila kinachokushangaza kiulize kimewekwa cha nini. Jiwe juu ya bati, kamba kwenye dirisha, kizingiti kilichoinuliwa kuliko vingine, bomba lisiloenda popote. Nusu ya vitu hivyo utakuta ni dawa ya ugonjwa usioujua bado.

Kuhusu wakati wa kuuliza, umepata nafasi nzuri kuliko unavyodhani. Kabla ya bei kukubaliwa, kila neno la muuzaji linapita kwenye mizani: hili litanipunguzia shilingi ngapi? Bei ikishafungwa, watu wengi, hasa wazee, hugeuka wakawa wenyeji. Wanataka nyumba yao itunzwe. Hata hivyo mwambieni mapema, mbele ya mkewe, kwamba bei haiguswi tena kwa lolote mtakaloambiwa. Mkishaahidi hivyo mshike ahadi. Mkianza kunong'onezana kwamba "hilo la choo tungelijua mapema", mdomo wake utafungwa pale pale.

Najua wapo watakaosoma hapa wakiwa hawajalipa hata senti. Ninyi yenu ni mengine, na hayasubiri. Umiliki unaulizwa kabla ya bei, tena msimwulize muuzaji peke yake: fanyeni upekuzi kwa Msajili wa Hati muone nyumba ni ya nani na kama imewekwa rehani benki, ombeni stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, na kama muuzaji ana mke au mume, aridhie kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya wanandoa bila ridhaa ya mwenzake. Dalali akikwambia "mama hana shida", mwambie amlete huyo mama asiye na shida aje asaini.

Narudi kwa mwalimu. Anza na mvua, maana huku mvua zetu ni msimu mmoja mrefu, na nyumba iliyouzwa kiangazi imeuzwa ikiwa na sura yake nzuri. Usiulize "inavuja?" Uliza kwa tukio, kwa sababu watu hawakumbuki tarehe, wanakumbuka walikuwa wanafanya nini. "Baba, ule Mei wa 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, ndoo mliziweka wapi?" Akisema hawakuweka ndoo popote, vizuri. Akisema "pale tu, karibu na kabati", umeshajua bati gani la kupandia. Muulize pia Aprili ya 2019, kile kimbunga cha Kenneth kilichotua Msumbiji wakati sisi huku tumeshahamishwa makwetu, kama alirudi akakuta bati limeinuka. Ukitaka kujua paa lina umri gani, muulize kama aliezeka kabla au baada ya ule mwaka wanajeshi waliposomba korosho. Hapo atakujibu bila kufikiri: kabla ya 2018, au baada.

Halafu chumvi. Nyumba nyingi za mji huu zilijengwa na watu waliobana matumizi, na mchanga wa karibu ulikuwa wa pwani. Mchanga wa bahari una chumvi, chumvi inavuta unyevu, na unyevu unasukuma rangi nje. Utaona ukuta umetoa unga mweupe futi 2 au 3 kutoka sakafuni, unapaka leo, mwakani umerudi. Hilo ni la kuudhi tu. La hatari ni chumvi hiyo ikiwa ndani ya zege la lenta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, maana nondo inaoza taratibu, inavimba, inapasua zege. Mzee aliyejenga mwenyewe anajua mchanga ulitoka wapi, kwa kuwa lori alililipia yeye. Muulize kwa upole: "Mchanga mlichukulia wapi siku zile?" Na umuulize ni kuta zipi amezipiga plasta mara mbili. Kama ukuta mmoja una rangi mpya na mingine ina rangi ya zamani, usiusifu. Uulize.

Upepo wengi wanausahau. Nyumba ya Mtwara inaishi na kusi na kaskazi, na si kila chumba kinafaa majira yote. Muulize mama mwenye nyumba walikuwa wanalala chumba gani mwezi wa pili, joto la kaskazi likiwa limekolea. Jibu lake litakuokolea pesa ya feni. Muulize pia kusi likivuma mwezi wa saba moshi wa jiko la uani unakwenda wapi. Nimeshaona familia imehamisha jiko mara tatu ndani ya mwaka mmoja kwa jambo ambalo wale waliotoka walilijua miaka 20.

Nimesema mama, na namaanisha. Mzee atakuonyesha hati na atakusimulia msingi ulivyochimbwa. Lakini aliyekuwa anadeki ndiye anayejua taili lipi linalia chini, maji ya kufulia yanakwama wapi, na koki gani usiikaze mpaka mwisho. Kama kuna mjukuu aliyekulia hapo, muulize na yeye. Watoto hawajui bei ya nyumba, wanasema tu.

Choo. Usione haya. Shimo liko wapi hasa, chemba ngapi, mifuniko iko wapi? Wapo walioweka paving juu ya mifuniko ili uani papendeze, na siku likijaa gari la kunyonya linasimama nje linawasubiri mchimbue. Muulize mara ya mwisho lilinyonywa lini, na kama masika linajaa haraka kuliko kiangazi. Likijaa haraka masika, maji ya ardhini yanaingia, na hilo halitibiwi kwa kulinyonya kila mwezi.

Kisha mpe karatasi ya daftari na kalamu. Mwombe achore nyumba kutoka juu, hata kama mchoro ni wa kitoto, aonyeshe bomba limepita wapi chini ya ardhi, koki kuu iko wapi, waya za umeme zinashukia ukuta gani, na nyaya za ethi, zile za kushusha umeme ardhini, zimezikwa kona ipi. Wazee wanaupenda mchezo huu. Ipige picha karatasi hiyo, uitume kwa mume wako, kwa sababu siku mtakapotaka kutundika televisheni msije mkatoboa bomba. Mwombe na jina la fundi aliyejenga, na la fundi bomba. Kama kuna taili, vipande vya bati au kopo la rangi lililobaki stoo, mwombe asivitupe.

Mita nendeni wote wawili. Kwa maji, fikeni dirishani MTUWASA, mamlaka ya maji ya Mtwara, mkiwa na muuzaji, muone akaunti haina deni, jina libadilishwe. Kwa umeme, deni kwenye mita ya LUKU halipigi hodi: unanunua, na uniti zinakuja pungufu. Ila usimgombeze mzee kwa kila kato utakaloliona. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kidogo kidogo, na hiyo sasa ni yako.

La mwisho ni majirani, na hili ndilo litakalochukua muda mrefu mkilikalia vizuri. Kila nyumba ya zamani ina mapatano yasiyoandikwa. Jirani wa nyuma anapita uani kwako kwenda kisimani. Jirani wa kulia ameunga bomba lake kwenye lako, na kila mwezi anatoa chochote. Mwembe shina lake liko kwako na kivuli chake kiko kwa jirani, embe mnagawana. Usipoambiwa, utaweka geti na kufuli kwa nia njema, na kesho yake wewe ndiye mgeni mwenye roho mbaya. Mwombe mzee awazungushe, nyumba kwa nyumba, aseme "hawa ndio wenzenu sasa." Mkiwa hapo hapo mpite na mipaka, bikoni kwa bikoni, jirani akiona. Dakika 30 hizo zina thamani kuliko kikao chochote kwa mwenyekiti wa mtaa baadaye.

Namna ya kuuliza sasa. Nendeni baada ya alasiri, wewe na mume wako, bila dalali. Dalali akiwepo kila jibu linakuwa tangazo. Usitoe orodha. Mwambie: "Baba, tunaomba utufundishe nyumba." Maneno hayo hayo. Kisha nyamaza, mfuateni, na asipomaliza msimkatize. Hicho cha mwisho nakwambia mimi niliyebomoa ukuta na bukta.

SWALI: Fundi, nanunua nyumba Newala. Nyumba yenyewe ya kawaida, ila uani kuna tangi la zege la chini la kuvuna maji ya mvua, na mwenye nyumba ameipandisha bei kwa sababu ya tangi hilo. Anasema linabeba lita 20,000. Ni sawa? — *Mfanyabiashara, Newala*

JIBU: Juu ya ule uwanda wa Makonde, tangi ndilo nyumba, vyumba ni nyongeza. Kuipandisha bei hajakosea, mradi halivuji. Bei ni ya kwenu, mimi nitakupa maswali.

Muulize: "Mwezi wa kumi maji huwa yamebaki kiasi gani?" Usiulize linajaa lini, kila tangi linajaa masika. Kiangazi chetu ni kuanzia mwezi wa tano hadi mvua zirudi mwishoni mwa mwaka, na familia iliyoishi hapo inajua kwa uchungu ni mwezi gani ilianza kununua maji ya ndoo. Kama walianza mwezi wa saba, ama walikuwa wengi sana, ama tangi lina ufa. Kupima ni rahisi: chora alama ya msumari usawa wa maji jioni, funika, watu wasichote siku 2, mkaangalie pamoja.

Hesabu nyingine ni ya bati. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 50 usiku mmoja, hizo ni lita 4,000, kama gata zinamwaga zote tangini. Mwombe akuonyeshe ni upande gani wa paa umeunganishwa. Mara nyingi ni mmoja tu, na mwingine unamwaga kwa jirani.

Na hili wengi hawaliulizi: mvua ya kwanza wanaipeleka wapi? Kiangazi chote mikorosho inapulizwa salfa kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na upepo unaileta poda hiyo mpaka kwenye bati, juu ya vumbi na mavi ya ndege. Mwenye nyumba makini ana bomba analoligeuza ili mvua ya kwanza, hata ya pili, imwagike nje. Muulize bomba hilo liko wapi. Akikushangaa, umeshajua umekuwa ukitaka kununua maji ya namna gani. Akikwambia tangi huwa analisafisha mwenyewe, muulize hulisafishaje, na wewe usiingie humo peke yako wala mara tu baada ya kufunua. Liache wazi, na mtu awepo juu.

SWALI: Nimekabidhiwa funguo, muuzaji ni mtu mwaminifu, tunaswali msikiti mmoja. Nibadilishe vitasa? — *Msomaji, Mikindani*

JIBU: Badilisha. Leo. Uaminifu wake haumhusu mpangaji aliyekaa chumba cha uani miaka minne iliyopita na kuondoka na funguo moja.

SWALI: Nimenunua nyumba na shamba dogo la minazi Ng'apa, Lindi, kwa ndugu wawili walioachiwa na mama yao. Nimeanza kusafisha, nimekuta makaburi matatu nyuma, chini ya mkorosho. Hawakuniambia. Sasa mjomba wao amekuja, anasema hakushirikishwa na minazi si ya wale vijana. Nifanye nini? — *B., Lindi*

JIBU: Ndugu yangu, haya ndiyo yale ya kuulizwa kabla ya bei, lakini tuanzie ulipo.

Kwanza mjomba. Wewe umekaa huku, unajua Wamwera na Wamakonde wanahesabu ukoo kwa mama. Mali iliyotoka kwa mama, mjomba ndiye mwenye sauti, hata kama kwenye karatasi hayupo. Kwa upande wa serikali, swali ni moja: wale vijana walikuwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama? Kama yupo na ndiye aliyesaini, una pa kusimama. Kama waliuza wenyewe tu, usilipe chochote kilichobaki, usikate mti, nenda kwa mwanasheria ukiwa na hati ya mauziano. Na usimfukuze mjomba. Mkaribishe, mpe kiti, sikiliza kila kitu.

Minazi iulizeni mbele ya wote. Huku kwetu si ajabu ardhi kuwa ya mmoja na miti ya mwingine, kwa sababu aliyepanda alipewa ruhusa ya kupanda tu. Waulize nani alipanda ipi, na msimu huu nani anaangua. Yaandikwe, mti kwa mti ikibidi.

Makaburi usiyaguse. Kufukua kaburi kunahitaji kibali cha serikali, hakumalizwi kwa mapatano yako na mtu mmoja. Waulize majina ya waliolala hapo, maana ukishayajua hutaweza kuweka banda la kuku juu yao. Kubalianeni kwa maandishi njia ya kupita na siku za kuja. Watu wengi wa huku husafisha makaburi kabla ya Ramadhani, hivyo watakuja tu, iwe kwa hodi au kwa ugomvi. Zungushia miti ya michongoma, acha mlango, na mwaka huu wakifika wakute pameshafagiliwa.